Inchi Nne kwa Ajili ya Mama Mkwe

Magoti ya mama mkwe wangu niliyaona bondeni, kilomita chache kutoka Kitaya, na kusema kweli sikupaswa kuyaona popote. Tulikuwa tumemchukua kijijini kwake asubuhi, mimi na mke wangu, tunampeleka Mtwara mjini kwa madaktari wa macho wanaokuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu, wakakaa siku chache hospitalini na kuondoka. Pikapu ikazama. Tumbo la gari lilikaa juu ya tope, magurudumu yakawa yanazunguka bure na kutumwagia uchafu. Mke wangu akashuka, mama yake akashuka, na ili avuke mpaka penye ukavu ilimbidi apandishe kanga. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na koleo mkononi. Niligeuka upesi nikatazama mashamba ya mpunga, lakini nilichelewa, na yeye alijua kwamba nimechelewa.

Asiyejua mambo yetu ataona ni kitu kidogo. Mimi nimeoa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sijawahi kula kwenye mkeka mmoja na mama mkwe. Nikimsalimia nachuchumaa na kutazama chini. Akinikuta njiani anapisha kidogo, anajitanda vizuri, tunasalimiana huku kila mmoja anatazama kwake. Hiyo ndiyo heshima tuliyoikuta, na sisi tuliipenda. Kwa hiyo alipofika penye ukavu alijitanda, akashika njia ya kurudi kwake. Trekta lilikuja kutuvuta alasiri, yeye akiwa amesharudi kijijini kwa miguu, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho ya madaktari.

Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto likiwa baya zaidi. Mke wangu alitaka tumchukue tena kiangazi, barabara ikikauka, tuulize hospitalini hata kabla ya wale wageni kurudi. Mimi nikakataa. Nilisema wale ndio mabingwa, tuwasubiri, na mwakani nitamleta mwenyewe, kwa gari langu, na hatakanyaga tope hata kwa kidole.

"Mwakani ni mbali, Baba watoto," alisema mke wangu.

"Gari litainuliwa," nikamjibu, kana kwamba hilo ndilo alilouliza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ugonjwa wangu ni kupima. Kabla sijaiosha ile pikapu nilichukua futikamba nikapima alama ya tope mlangoni, nikalala chini nikapima kutoka ardhini mpaka kwenye fremu, nikaandika yote kwenye daftari. Ni pikapu ya Kijapani ya miaka ya tisini, ya milango miwili, kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Springi zake zilikuwa zimechoka kwa kubeba korosho msimu baada ya msimu mpaka nyuma imekaa kama bata. Hesabu yangu ilisema gari likipanda inchi nne, lile bonde halitalishika tena. Hesabu haikuwa na kosa, na mpaka leo naweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Shida ilikuwa kuchagua. Nilidhani mtu anakwenda dukani anasema nataka seti ya kuinulia gari, anapewa, anaondoka. Wapi! Kuna seti ya inchi mbili, ya tatu, ya nne. Kuna springi za kubeba mzigo na springi za mtu mwenye starehe zake. Kuna shokomzoba, zile za kuzuia gari lisidunde, za mafuta na za gesi, na kila anayetumia moja anamwona anayetumia nyingine ni mwehu. Fundi wangu wa Chikongola alitaka kuniongezea vyuma bapa viwili kutoka kwenye springi ya lori lililokufa, akasema mambo yatakwisha siku hiyohiyo. Jirani yake, fundi pia, alitaka kuweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, akaniambia hao wengine wote ni wezi.

Nikajiunga na kundi la wenye pikapu kwenye simu. Hilo lilikuwa kosa la kujitakia. Ukiuliza swali asubuhi, mpaka jioni una majibu hamsini na matusi kumi. Mmoja alisema springi haziinui difu, kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya ekseli, kinachoinua difu ni tairi kubwa. Hilo ni kweli, na mimi mwalimu wa fizikia niliona aibu kukumbushwa na mtu anayeandika bila nukta. Lakini tairi kubwa haziingii mpaka gari liinuliwe, na gari likiinuliwa mipira ya breki inakuwa mifupi, na ukirefusha mipira ya breki anatokea mwingine anakuuliza propela shafti umeifanyaje. Kulikuwa na mtu mmoja, nadhani hata baiskeli hana, aliyenifuata wiki nzima akinishauri niuze gari.

Nikaenda Mikindani kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza spea. Duka lilianzishwa na babu yake, na Kiswahili chake ni cha pwani hasa, kimenyooka kuliko changu mimi niliyezaliwa Mpapura na kuanza maisha na Kimakonde. Alivaa kofia ya mkono, akaniulizauliza kama mtu anayeandikisha mgonjwa.

"Mwalimu, wabeba nini?"

"Korosho msimu ukifika. Mihogo. Siku nyingine watu."

"Wapita wapi?"

"Kitaya."

"Masika?"

"Masika ndiyo hasa."

"Na mbele hukaa nani?"

Pale kaunta palikuwa na vijana wanne wanasubiri spea za bodaboda, masikio wameyatega. Ningesema nini? Kwamba nampakia mama mkwe, mtu mzima mwenye mwili wake, mfupi, asiyeona vizuri? Mama wa mke wangu atajwe mwili wake dukani, mbele ya watoto wa watu? Nikasema, "Nakaa mwenyewe. Na mke wangu."

"Basi chukua inchi mbili," akasema. "Nne za vijana wanaopiga picha. Mbili zatosha, na tope utalingoja likauke siku mbili tatu, kwani kuna nini?"

Ningemweleza kuna nini, tungemaliza. Badala yake nilikasirika. Niliona ananidharau, kwamba mwalimu hawezi kumiliki inchi nne. Nilimshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru, nikatoka, na jioni ile nikaagiza seti kamili ya inchi nne kupitia wakala wa Dar es Salaam.

Hiyo ilikuwa Mei. Wakala alikuwa hodari wa kutuma picha. Alinitumia picha ya boksi, picha ya meli, picha ya boksi lingine. Mwezi wa sita mke wangu alikwenda Kitaya kwa bodaboda kumjulia hali mama yake, akarudi amenyamaza. Usimwogope mke wangu akisema, mwogope akinyamaza. Baada ya kula akaniambia jicho la kushoto limeanza kumuuma mama, linauma mpaka kichwa, na akitazama taa anaona duara za rangi kuizunguka.

"Jirani yake ana gari la mihogo linakuja mjini Jumatano," alisema. "Nimwambie mama aje nalo?"

"Mama yako? Juu ya mihogo?"

"Mbele, kwa dereva."

"Na dereva ni nani? Watu wa Kitaya watasema mkwe wake ana gari, amemwacha anapanda la mihogo. Vumilia kidogo. Seti iko bandarini."

Nakumbuka neno hilo vizuri kwa sababu nililisema kwa kujivuna. Seti iko bandarini. Ningekuwa nasema mgonjwa yuko chumba cha upasuaji nisingelisema kwa uzito zaidi.

Ilifika Julai. Nikaifungua sebuleni, watoto wamesimama wanatazama, na nilipotoa futikamba nikaona vyuma vya mbele si vya gari langu. Ni vya pikapu ya toleo lililofuata. Nikairudisha. Wakala akaniambia ni kosa la watu wa ghala, watu wa ghala wakasema nimeandika vibaya, na mimi nikawatumia ukurasa wa daftari langu wenye vipimo vyote, ambao sidhani kama kuna aliyeusoma. Septemba ikaja nyingine. Hii mbele ilikuwa sawa, shokomzoba za nyuma fupi. Nililala sakafuni kando ya zile shokomzoba nikatamani kulia, mtu mzima mimi. Fupi kwa inchi moja na nusu. Nani anatengeneza springi za kupandisha halafu anafunga nazo shokomzoba za kushusha?

Zilipokuja za saizi yake, msimu wa korosho ulikuwa umeanza, na msimu wa korosho ukianza, fundi wa Mtwara humpati. Malori yote ya kusini yanakuja kufia mikononi mwake. Kila nikienda ananiambia, "Mwalimu, kesho." Pikapu yangu ilikaa juu ya magogo kwake tangu Novemba, bila magurudumu, na kuku wakawa wanataga ndani. Nilimtukana mara mbili. Mara ya tatu nilimletea chai na mihogo, labda ningesikilizwa, akala, akasema kesho.

Januari akamaliza. Lazima niseme ukweli, nilipoliona gari nilifurahi kama mtoto. Lilisimama juu, tairi mpya nene, hewa tele chini ya tumbo. Usukani ulikuwa mzito na likifika kasi fulani lilitetemeka mpaka meno yanagongana, lakini lilisimama.

"Sasa hii ndiyo gari, Mwalimu," fundi akasema. "Ukipita watu watakupisha wenyewe."

Mke wangu alikuja kuliona nyumbani. Akasimama kando ya mlango wa abiria. Kiti kilimfikia kifuani.

"Mama atapandaje?"

"Kama siku zote. Atashika hapa, akanyage pale."

"Pale wapi?"

Nilimwonyesha. Kikanyagio cha pembeni nilikuwa nimekiondoa mwenyewe, kwa sababu kinazoa tope na kupunguza ile nafasi niliyoihangaikia mwaka mzima. Mke wangu akaenda kubandika maharage. Nilichukulia kwamba ameridhika.

Mwezi wa tatu, siku ya kwanza ya madaktari, tuliondoka alfajiri. Mvua ilikuwa imepiga siku nne mfululizo, na bonde lilikuwa limejaa kuliko mwaka uliotangulia. Nikaweka gia ya nguvu, nikaingia. Gari lilipita. Halikusita hata kidogo! Tope lilikuwa linapiga fremu tu na kuteleza, na mimi nilipiga kelele peke yangu kwenye usukani, nikapiga honi katikati ya mashamba ya watu bila sababu yoyote. Mke wangu akacheka. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya mwisho kucheka siku ile.

Mama mkwe alikuwa ameshatoka nje, amevaa kanga mpya, mkoba uko tayari. Nikachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mmekujaje na njia hii?"

"Salama, mama. Hatukukwama."

"Alhamdulillah."

Mke wangu akamshika mkono wakaenda kwenye mlango. Mama akanyoosha mkono kukitafuta kiti pale alipokizoea, na mkono wake ukagusa tairi. Akaupandisha. Ukagusa chuma. Akaupandisha tena, mpaka bega likakataa.

"Kiko wapi?" akauliza.

Wakaleta kigoda. Akakanyaga, kikayumba. Wakaleta ndoo wakaipindua. Wanawake wawili wa nyumba ya jirani wakaja, wakasema wamsukume kutoka nyuma, mke wangu amvute kutoka ndani. Mama mkwe akashusha mguu chini.

"Nisukumwe hivyo mbele ya mkwe?"

Nikaondoka bila kuambiwa, nikaenda kusimama nyuma ya jiko. Nilisikia wanahesabu moja, mbili, tatu. Nilisikia ndoo inapasuka. Halafu nikasikia sauti yake, haikuwa na hasira, imechoka tu: "Basi. Acheni. Mwambieni mkwe arudi, nashukuru amekuja."

Mke wangu akanifuata nyuma ya jiko, amejaa machozi.

"Magoti ya mama hayakunji. Mwaka wa nne sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikueleze wewe magoti ya mama yangu?"

Nilikuwa nimepima fremu, difu, tope, tairi, nimepima mpaka shokomzoba za watu wa Dar es Salaam. Mtu ambaye gari liliinuliwa kwa ajili yake nisingeweza kumpima, wala kumwuliza, wala kumtazama. Na yule pekee ambaye angeweza kuniambia aliuliza atapandaje, nikamwonyesha hewa. Nilirudi kwenye gari nikalipiga tairi teke. Kidole gumba kilivimba wiki mbili.

Mmoja wa wale wanawake, mwenye jembe begani kwa sababu alikuwa njiani kwenda shamba, akasema, "Si tuchimbe? Magurudumu yashuke."

Tukachimba. Mashimo mawili upande wa kushoto, moja la tairi la mbele na moja la nyuma, ya kwenda chini kwa kadiri ya shubiri. Nilichimba la mbele mimi, wanawake wakachimba la nyuma, nao walimaliza kabla yangu. Halafu nikaingia kwenye gari nililohangaika mwaka mzima kulipandisha, nikaliendesha polepole, kwa mikono yangu mwenyewe, mpaka likatumbukia. Likalala upande. Mlango wa abiria ukawa pale ulipokuwa zamani. Nilitazama nje kwa dirisha la upande wangu mpaka niliposikia mlango umefungwa na vigelegele vimepigwa, ndipo nikajua ameketi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kuwashukuru wale akina mama.

Mjini hakuna wa kukuchimbia shimo. Hospitalini nililipeleka gari kando kabisa ya baraza la saruji, mlinzi akinifokea kwamba pale si maegesho, mama akashukia barazani. Tukasubiri mpaka mchana. Nilikaa mwisho wa benchi, yeye mwanzo, mke wangu katikati.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, lafudhi yake si ya huku. Alimpima mama kwa taa, akampima kwa kimashine, akarudia la kushoto mara tatu. Akasema la kulia atalifanyia upasuaji kesho yake, na mama ataona vizuri, tusiwe na wasiwasi. La kushoto halina cha kufanyiwa tena. Mtoto wa jicho alikomaa akavimba, akapandisha presha ndani ya jicho, na presha ikaua mshipa wa kuonea.

"Lilianza kuuma lini?" akauliza.

"Mwezi wa sita," mke wangu akasema, taratibu sana.

"Na akitazama taa alikuwa anaona duara za rangi?"

"Ndiyo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Lakini hilo si la kutusubiri sisi. Mngemleta hapahapa siku ileile, wangemshusha presha na kumpeleka hospitali kubwa akatolewe mtoto wa jicho. Kiangazi chote kile, mlikuwa wapi?"

Mke wangu alitazama sakafu. Hakunitazama mimi, na afadhali angenitazama. Nikafungua mdomo nieleze, labda kuhusu bandari, labda kuhusu shokomzoba za nyuma. Mama mkwe akaniwahi. Alikuwa ameugeuza uso ukutani, kama anavyofanya siku zote nikiwa karibu.

"Barabara, daktari," akasema. "Barabara yetu mbaya sana. Mkwe wangu alihangaika mno."

Daktari akanigeukia. "Ni kweli, baba?"

Mwezi wa sita barabara ya Kitaya huwa kavu mpaka inatoa vumbi, baiskeli zinapita na mzigo. Nikasema ndiyo, ni kweli, na daktari akaandika.